Ile “Sawa” Uliyomjibu Mzee Kalisti

Tereza mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na baba yako anapiga pasi gauni lako la safari ingawa nilikwisha kulipiga mimi asubuhi. Mwache, ndiyo namna yake ya kulia. Mimi nimekaa nyuma ya jiko na karatasi nilizomwomba, naandika mbiombio kabla jua halijazama. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi, uisome leo hii hii. Ningeweza kukueleza kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Nikianza kwa upole nitamaliza kwa kugomba, na sitaki uondoke na kelele zangu masikioni.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kusali jioni nayaacha. Masista wa chuo wamekufunza hayo kuliko ninavyoyajua mimi. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu jana.

Jana Mzee Kalisti alipokuja na yule kuku wake aliyefungwa miguu, nilifurahi. Nilijisemea, kumbe huko machimboni wana heshima, wamemtuma mjumbe wa kamati ya shule aje amchukue mwalimu wao mpya hadi nyumbani kwao. Ukampa shikamoo yako, akaitika vizuri. Akatueleza habari za shule yenu, kwamba ni ya misheni lakini ina watoto wa kila kabila, wa watu waliofuata dhahabu kutoka pande zote za nchi, na kwamba darasa jipya limekwisha, kuta za matofali ya kuchoma. Halafu akashusha kikombe na kukugeukia.

“Mwalimu wetu, ukifika utaona kuna watoto wanasimama nje, kule ukutani. Usihangaike nao. Wazazi wao hatukuwaona kwenye matofali. Kamati imesema wakae nje mpaka washike adabu.”

“Washike adabu wazazi, au watoto?” baba yako akauliza, huku anacheka kidogo.

“Wote, Mwalimu.”

Na wewe ukasema, “Sawa, mzee.”

Sikulaumu kwa kujibu hivyo. Mtoto aliyelelewa hajibishani na mgeni mbele ya wazazi wake. Kinachonitesa ni kwamba mimi nilikuwa nimeshika birika, na niliendelea kumimina. Nilijaza kikombe chake mpaka chai ikamwagika sahanini, naye akadhani ni ukarimu. Mimi, mama yako, ambaye hapa Mwabusiga nzima inajua sinyamazi, nilinyamaza.

Nilipomwambia baba yako usiku akasema, “Agata, mwache mtoto aanze kazi kwa amani.” Amani hiyo naijua. Niliwahi kuinunua, na wewe ulikuwepo ila ulikuwa mdogo.

Kila sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wa shule yetu, unamsikia baba yako akisimama mbele ya wazazi na kusimulia historia ya shule. Anaanza na lile ghala bovu la pamba ambamo yeye na watoto wa kwanza walikuwa wakisoma na panya. Anasimulia ubao uliokuwa mlango wa zamani, umepakwa masizi na maji ya majani, na kengele ambayo ni pete ya gurudumu la lori. Watu wanacheka palepale wanapocheka kila mwaka. Kisha anasema, “Na paa hili, ndugu zangu, liliezekwa na kijiji kizima kwa moyo mmoja.” Watu wanapiga makofi. Mimi hapo huwa nainama kutafuta kitu kwenye kikapu changu. Hukuwahi kuniuliza natafuta nini.

Sasa sikiliza. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha karibuni tu, na wewe ulikuwa umeanza kujua herufi. Kuta za shule zilikuwa zimesimama lakini hazina paa. Padri alikuja na pikipiki yake, akazunguka jengo, akapiga ukuta kwa kiganja, akasema paa lisipokuwa juu kabla ya Noeli, shule atawapa watu wa ng’ambo ya mto, na mwalimu ataondoka nayo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu mwenye shule moja ya kutoa na vijiji vingi vinavyoiomba.

Unajua kazi za hapa kwetu zinavyokwenda. Kazi ya wote iko mikononi mwa nsumba ntale, kiongozi wa vijana, na siku zile alikuwa Maduhu. Yeye ndiye anayepiga mbiu, anayegawa zamu, na anayetoza mbuzi kwa asiyetokea. Baba yako na Maduhu wakakubaliana kila mji, yaani kila kaya, ulete mizigo yake ya nyasi na mtu wa kupanda juu. Wanawake tulipewa kuchota maji ya udongo wa kusiliba, na mimi nikawa mkubwa wao. Nilikuwa najiona, Tereza. Mke wa mwalimu, nina kanga mpya, natoa amri kisimani.

Mji mmoja haukuleta nyasi. Ulikuwa mji wa Malekano, hapo ng’ambo ya shamba letu la mtama, mahali ambapo sasa umebaki ua wa minyaa tu. Maduhu alikwenda kumuuliza, nami nikafuata nyuma kwa sababu nilitaka kusikia.

Malekano alikuwa anachonga mpini wa jembe, hata hakusimama. “Mwanangu Masanja alichunga ng’ombe wangu nilipokuwa mgonjwa,” akasema. “Aliporudi shuleni Mwalimu akamwambia amekosa siku nyingi mno, aende nyumbani. Sasa mnataka nyasi zangu. Zimfunike nani?”

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa jepesi. Lakini hakuna aliyelisikia kama swali, wala mimi. Tulisikia kiburi tu. Tukarudi, na jioni ile Maduhu akapiga mbiu kwamba mji wa Malekano umetengwa. Hukuikuta sana desturi hii, maana siku hizi imelegea, kwa hiyo nikueleze. Aliyetengwa hasalimiwi. Hachoti maji mkiwa pamoja. Hapewi moto. Akiugua haendewi, akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Atakayemsaidia naye ametengwa, mpaka atoe mbuzi wa watu wa kazi na kuomba msamaha mbele yao.

Baba yako aliniambia anaona vibaya kidogo, mkristo kutenga mtu. Nikamcheka. Nikamwambia, “Wewe unataka paa au hutaki?” Hayo ni maneno yangu, nami ndiye niliyekwenda kisima hadi kisima kuwakumbusha wanawake. Wewe mwenyewe ulinisikia.

Mke wa Malekano aliitwa Kabula. Alikuwa mja mzito, miezi yake imetimia. Mvua za mwanzo zilipozima moto wake alikuja hapa hapa jikoni na kigae chake mkononi. Hakuvuka kizingiti.

“Mama Tereza, moto tu,” akasema.

Sikugeuka. Nilikuwa nakoroga ugali, nikakoroga zaidi. “Kamuulize mume wako moto unatoka wapi,” nikamwambia.

Akaondoka na kigae chake. Nikahisi nimefanya kazi ya shule.

Siku chache baadaye nilikuwa kisimani na wenzangu, mawingu yamefunga, tukasikia sauti yake. Kila mwanamke aliyezaa anaijua sauti ile. Hatukutazamana. Mmoja akaanza kuimba ili tusisikie, mwingine akadakia. Nami niliimba, mwanangu, beti nzima. Kisha Kabula akalia tena, safari hii akimwita mama yake ambaye alikwishakufa, na wimbo ukanifia mdomoni. Nikatua mtungi. Nikapita nyumbani, nikajaza makaa kwenye kigae, nikakatiza shamba la mtama mvua ikianza kunyesha. Sikufikiri lolote la maana. Sikumfikiria Mungu wala Padri. Nilikuwa na hasira tu, na sikujua nimemkasirikia nani.

Nilimkuta peke yake sakafuni, Malekano amekwenda kumtafuta dada yake kijiji cha mbali. Niliwasha moto. Nilimshika mgongo. Mtoto alitoka amekaza ngumi, msichana, nikamkata kitovu kwa ganda la bua la mtama kama nilivyokatwa mimi. Mvua ilikuwa inapiga paa kiasi kwamba hatukusikiana, tukabaki kucheka. Akamwita Mbula, yaani mvua. Kwa muda ule mfupi sikuwa mke wa mwalimu wala mkubwa wa wanawake, na nakuambia kweli, ndiyo saa niliyowahi kuwa mtu mwema kuliko zote.

Asubuhi Maduhu alisimama uani kwetu. Hakutoa salamu. Baba yako akamwamkia, “Ng’wangaluka,” Maduhu akatazama juu ya kichwa chake kama anatafuta mwewe. Ndipo tukajua nasi tumetengwa. Baba yako akaenda kugonga kengele, akagonga mpaka mkono ukamchoka, na hakuja mtoto. Ulikwenda wewe tu. Ulikaa kwenye benchi la mbele na kibao chako, na baba yako akakufundisha peke yako, kwa sauti ileile kubwa, kama darasa limejaa. Nje, mizigo ya nyasi ililala matopeni ikaanza kuoza. Hakuna aliyepanda juu. Ukuta wa upande wa magharibi ukaanza kulainika kwa mvua, na Noeli ilikuwa inakuja.

Nilikaa nao ule ukimya. Nilijiambia nimefanya haki na haki itajitetea. Hilo nalo lilikuwa kosa. Ningetoka nikaenda mlango hadi mlango na mdomo huu huu niliotumia kumtenga Kabula, labda ningepata wanawake wawili watatu wa kusimama nami, maana wote walisikia kilio na wote walikuwa na aibu. Lakini nilinuna. Nilitaka waje wao. Usiwahi kununa na ukadhani ni ushujaa, Tereza, maana mtu akinuna kimya chake kinawafaa zaidi wale anaowanunia.

Baba yako hakunipiga wala kunifokea. Alikaa karibu yangu akasema, “Mama Tereza, ni maneno tu. Sema umekosa, yaishe. Watoto hawa wakikosa shule sasa hawatapata nyingine.”

“Nimekosa nini?” nikamuuliza.

“Najua hukukosa. Sema tu.”

Nikakataa. Siku ya pili nikakataa. Siku ya tatu ulirudi kutoka darasani, ukaweka kibao chini, ukaniuliza kama watoto wenzako wamekufa. Uliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama chakula kiko tayari. Hapo nikakubali.

Tulitoa mbuzi. Walimchinja palepale shuleni, ndani ya kuta zisizo na paa, na watu wa kazi wakakaa kwa duara. Nikapiga magoti kwenye udongo mbichi. Nikasema, “Nilikosa kwenda kwa Malekano. Sikupaswa kwenda. Nisameheni.” Maduhu akaniinua kwa mkono, kwa heshima kabisa, akaniita mayu, yaani mama. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipogeuka nikamwona Kabula. Alikuwa amesimama nje, pale ambapo mlango ungewekwa, na Mbula mgongoni. Alikuwa amesikia kila neno.

Mchana uleule vijana walipanda juu, ngoma ikapigwa, nyasi kavu zikaletwa mpya, na kengele ilipogongwa kesho yake watoto walikuja mbio. Paa likawahi. Padri alinyunyiza maji ya baraka, akanisifu mbele ya watu kwa unyenyekevu wangu, maana alikwishasimuliwa. Nikasema asante, Padri.

Malekano alihama baada ya mavuno. Walielekea magharibi, sijui walikoishia. Siku ya kuondoka Kabula alikuja mpaka kizingitini, palepale aliposimama na kigae. Nilimpa karanga za njiani, nyingi, nilizokuwa nimezitenga kwa mbegu. Akazipokea. Mtu mwenye mtoto mchanga na safari mbele yake hakatai karanga. Akashukuru, “Wabeja.” Kisha akanitazama.

“Siku ile ya mvua ulikuja,” akasema. “Halafu mbele ya watu ukasema hukupaswa kuja. Huyu mtoto akikua, nimwambie lipi?”

Akamweka mtoto vizuri mgongoni akaenda zake.

Sasa utaniuliza, je, ningeiacha shule ife? Nimejiuliza hilo nikichota maji, nikipalilia, nikiwa kanisani. Bila paa lile wewe usingesoma. Watoto wa Maduhu wasingesoma, na mmoja leo anauguza wagonjwa hospitali ya misheni na mikono yake ni ya upole sana. Siwezi kutamani shule isingekuwepo, nami sikudanganyi kwamba naweza. Lakini kuna kitu nilikiona baadaye, na nilipokiona nililia mpaka baba yako akadhani nimefiwa. Malekano aliuliza nyasi zake zimfunike nani. Baba yako angesema, “Masanja na arudi darasani kesho,” ingekuwa imekwisha. Nyasi zingekuja. Kabula angepewa moto. Nisingepiga magoti mbele ya mtu. Lilikuwa jambo la sentensi moja, na tulikuwa kijiji kizima, na mwalimu wetu, na mke wake mwenye maneno mengi, hakuna aliyelisema. Tulishughulika mno na paa hata tukasahau ni la kuwafunika watoto.

Masanja alikuwa wa kwanza darasani, baba yako hatakuambia hilo.

Mzee Kalisti si mtu mbaya. Hata sisi hatukuwa wabaya. Amebeba matofali kwa mikono yake, nimeziona sugu zake, na anaona uchungu kwa wasiobeba. Lakini wewe jana hukumuuliza kwa nini hawakubeba. Labda wanashinda ardhini mchana na kulala wakiwa wafu. Labda ni wageni, waliambiwa hapa si kwao. Labda ni wavivu kweli. Huwezi kujua, kwa sababu ulisema sawa kabla ya kuuliza, nami nilimimina chai.

Leo asubuhi nilikwenda kule alikofikia, nikiwa nimejifunga kanga kwa vita. Nilikuwa nimwambie kwamba binti yangu alijibu kama mtoto mbele ya mgeni, na kwamba mimi mama yake sijasema sawa. Nilifika mlangoni, nikamsikia anakohoa ndani, nikageuka. Nikimwambia mimi, utafika kule ukiwa mtoto wa mama mkali. Neno lilitoka kinywani mwako. Kulitengua ni kazi yako.

Kesho mtapanda lori moja, na safari ni ya kutwa. Muulize habari za watoto wale. Muulize majina yao. Mwache azungumze mpaka amalize, kisha mwambie kwa shikamoo zako zote kwamba umeifikiria ile sawa na unaiondoa, kwamba kengele ikigongwa utamwingiza kila mtoto aliyesimama ukutani. Atakasirika. Najua unachokiogopa, maana nami nakiogopa. Wengine katika kamati ile hawakutaka mwalimu mwanamke, watapata sababu, watamwandikia Padri, na kazi uliyoilia miaka yote hii inaweza kukuponyoka kabla hujashika chaki. Siwezi kukuahidi kwamba haitatokea.

Nakusikia unabisha hodi kwenye nyumba ya nyuma, umerudi. Nakatisha.

Wakikurudisha, shuka kwenye lori mchana kweupe, watu wote wakuone. Nitakuwa barabarani nakungoja. Maduhu akiuliza kwa nini umerudi, baba yako akiuliza, Padri mwenyewe akija na pikipiki yake kuuliza, nitawajibu mimi, na nitawajibu nimesimama.

Mama yako,
Agata